Fundi Aliyeuzunguka Uwanja wa Likindo

Kwa miaka yote niliyokaa nyumbani kwake, sikumwona Fundi akikatiza uwanja hata siku moja. Kutoka kwake mpaka msikitini njia fupi ilipita katikati ya uwanja wa boma la zamani, hapo Kibiti, na kila mtu aliitumia: wenye baiskeli, wenye mbuzi, wanawake wenye ndoo kichwani. Yeye alifuata ukingo. Akifika pembeni alisimama, akageuka kama askari wa gwaride, akaendelea. Hata mvua ikinyesha aliufuata ukingo uleule, akafika msikitini amelowa chapachapa. Nilimuuliza mara moja. Akanijibu kwamba uwanja ule aliupima yeye, na mtu hatembei juu ya kazi yake. Niliridhika na jibu hilo miaka mingi, jambo ambalo sasa linaniaibisha.

Nilipelekwa Kibiti kuwa karani wa baraza katika miaka ya mwisho ya Waingereza. Sikuipenda kazi wala mahali. Nilitaka mji wenye taa. Nikapewa kabati la majalada lililoliwa na mchwa, na chumba cha kupanga uani kwa mwashi mzee, mgane, ambaye watu wote walimwita Fundi. Jina lake nilikuwa nalo kwenye daftari la kodi, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitamka, na mimi sitakuwa wa kwanza.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kucha zilizoliwa na chokaa. Hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kutazama pembe za dari. Tulikwenda pamoja kuhani msiba wa jirani, na wakati wengine wanaitikia dua, yeye alininong'oneza kwamba ukuta wa kaskazini umeinama na wafiwa walale chumba kingine. Watu wakigombana mbele yake alisema, "Tuiulize kamba," akaingia ndani kuchukua kamba yake ya katani yenye mafundo. Ndugu wawili waliozozania mpaka wa mikorosho waliiuliza kamba hiyo, ikawaonyesha kuwa wote wawili wameingia kwenye shamba la shangazi yao. Hawakumwita tena.

Zaidi ya kamba alikuwa na timazi, donge la risasi lililoning'inia kwenye uzi, la kupimia ukuta kama umesimama sawa. Aliiyeyusha mwenyewe, alisema, kutokana na risasi alizookota chini baada ya vita vya Maji Maji. Aliiweka mfukoni hata siku ya Idi. "Hizi ndizo tulizoambiwa zitageuka maji," alinieleza, akiipima uzito kiganjani. "Hazikugeuka. Basi angalau zininyooshee kuta." Aliyasema haya bila uchungu wowote niliouona, kama mtu anayeeleza alikonunua jembe.

Boma lilikuwa fahari yake na aibu yake, na mara nyingi aliyasema yote mawili kwa pumzi moja. Vita vilipozimwa Wajerumani waliamua kujenga kituo kidogo pale. Walijenga kuta nene za mawe na chokaa, baraza yenye matao, madirisha madogo yaliyo juu, na ukingo wa paa wenye meno kana kwamba kuna jeshi litakuja na ngazi. Mbele wakataka uwanja mtupu wa pembe nne, ili mlinzi aone kila anayekuja. Kabla ya hapo, Fundi alisema, watu walikutana penye kivuli na njia zilipinda kufuata miguu. Nyumba zilizokuwa pale zilivunjwa, zikajengwa upya kwa mstari, milango ikitazama boma kwa amri. Yeye alikuwa kijana aliyekamatwa kufanya kazi ya lazima, akapewa kushika ncha ya kamba. Baada ya miezi michache alikuwa ndiye anayeivuta.

Boriti za paa zilikatwa kwenye mikoko ya Kiongoroni, zikaletwa kwa mashua hadi Nyamisati, kisha zikapandishwa Kibiti mabegani mwa watu. Bwana mkubwa wa Kijerumani alitaka ukumbi mpana kama wa kwao. Fundi akamweleza kwa ishara kwamba boriti haifiki, kwa sababu mkoko una urefu wake na haujui cheo cha mtu. Akachapwa viboko kwa uvivu. Kisha zikaletwa boriti ndefu kuliko zote zilizopatikana, hazikufika, ikabidi nguzo zisimamishwe katikati ya ukumbi. Wakati wangu ukumbi huo ulikuwa mahakama, na hakimu alilazimika kuinama kushoto ili amwone shahidi aliyesimama nyuma ya nguzo. Fundi alihudhuria kesi zisizomhusu, akakaa nyuma, akinong'ona, "Inama, bwana. Inama."

Kibao cha kwanza cha uwanja kilikuwa na jina la Kaisari. Waingereza wakaking'oa, wakaweka la mfalme wao. Watu hawakuyatumia yote mawili. Walisema "Kwa Likindo", na kwenye ramani ya Kijerumani iliyobaki kabatini mwangu kipande hicho kiliandikwa hivyohivyo, Likindo, kwa wino uliopauka. Vijana walidhani Likindo alikuwa mwenye duka wa zamani. Wazee walijua kuwa alinyongwa pale baada ya vita, zaidi ya hapo walibadilisha mazungumzo.

Sasa, mtu aliyepima uwanja ule mpaka pembe zake zikawa sawa aliishi katika nyumba iliyopinda kuliko zote. Aliijenga baadaye, kwa macho tu, bila kamba wala timazi, na aliifanya iupe uwanja mgongo. Mlango ulitazama vichaka. Mvua za masika ziliingia kwa upande ule. Nilipomlalamikia kuhusu chumba changu aliniambia kuwa nyumba iliyonyooka iko kule ng'ambo, ina matao, nikaombe nafasi.

Alikuwa mchoyo pia, na sisemi kwa kumsengenya, yeye mwenyewe alijisifia. Misumari iliyopinda aliinyoosha kwa nyundo na kuitumia tena. Siku moja aliniazima kaa la moto la kuwashia jiko, na jioni akaniuliza kama limerudi. Lakini kila mavuno ya mpunga wa bondeni alifunga gunia zima la mchele, akalipandisha kwenye lori na kulipeleka Bungu kwa mwanamke mmoja mtu mzima anayebangua korosho kando ya barabara. Mwanamke huyo alikuwa binti Likindo.

Niliwahi kumsindikiza. Fundi alikuwa Mndengereko, na binti Likindo asili yake ni milima ya Umatumbi, kwa hiyo walikuwa watani. Kwa asiyetujua nieleze kidogo. Mtani atakutukana mbele za watu na wewe hukasiriki, atakunyang'anya kitu na wewe hukidai. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kuchimba kaburi na kukusema vibaya mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Mazishi yasiyo na mtani watu huona hayakwisha.

"Mlala matope huyo kaja!" binti Likindo alipiga kelele tulipoteremka. "Mtumwa wangu, umeniletea nini?" Akamvua Fundi kofia, akaivaa yeye. "Hii yangu."

Fundi, ambaye Kibiti hakuna aliyethubutu kumgusa bega, alisimama kichwa wazi na kuteremsha gunia.

"Tazama, bwana karani," mwanamke akaniambia. "Miaka nenda rudi namtukana huyu, hatukani. Mtani gani weye? Nitukane basi, nione kama uko hai!"

"Mchele mpya huo," Fundi alisema. "Uanike kabla hujautwanga." Mchele ulikwisha twangwa tayari. Wote watatu tulikuwa tunauona.

Baada ya uhuru kibao cha mfalme kiling'olewa, na baraza likakaa kutafuta jina. Wengine walitaka Uwanja wa Uhuru. Mwenyekiti, mtu mwenye sauti nzuri na haraka, alitaka Uwanja wa Shujaa Likindo, na jiwe katikati lenye maneno: mwenye ardhi hii, aliyegawa maji ya dawa, akanyongwa na wakoloni. Alikuwa ameiona ile ramani kabatini mwangu. Jina kwenye ramani, mtu kwenye kitanzi, mambo yamekamilika. Walikubaliana, mradi maneno yathibitishwe na shahidi. Shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja, na karani alikuwa mpangaji wake. Nikatumwa.

Nilimkuta uani asubuhi, ameloweka kamba kwenye beseni. Nikamsomea maneno ya jiwe. Alinitaka niyarudie. Kisha akavuta kigoda.

"Andika vizuri," akasema. "Hili nalisema mara moja."

Nikaandika.

"Yule bwana Mjerumani alikuwa na karatasi yake ya ramani. Akauliza kwa mkalimani, ardhi hii ya nani? Tulikuwa vijana kwenye kamba. Wenye ardhi wamekimbilia porini, na kila mmoja anaogopa kuwataja. Miye nikasema, ya Likindo. Wenzangu wakacheka wakashika mbavu, na tulikuwa hatujacheka tangu vita vianze. Likindo alikuwa mtani wetu wa milimani. Akija kwetu, kila kizuri akikiona alisema hiki changu. Kuku wako, wangu. Jamvi lako, langu. Hata siku ya harusi yangu alikaa mlangoni akasema bibi harusi wake, mpaka akapewa mbuzi. Basi nikasema, ya Likindo. Mkalimani mtu wa mbali, hajui utani wetu. Akamwambia bwana, bwana akaandika."

Nilimuuliza kama Likindo alikuwa na ardhi Kibiti. Akanitazama kama nimeuliza kama samaki ana baiskeli.

"Hana hata kaburi la babu hapa. Ikapita kitambo. Mtu akapeleka habari bomani kwamba kabla ya vita watu walikusanyika hapo kupewa maji ya dawa. Bwana akafungua ramani yake. Mwenye ardhi ndiye mwenye kosa. Mwenye ardhi nani? Likindo. Wakatuuliza kama tunamjua. Ningeweza kusema nilikuwa natania. Nilijua nikisema nimemdanganya mzungu, ngozi yangu haibaki. Nikanyamaza. Nikajipa moyo: Likindo yuko milimani, pengine kesha kufa, watamtafuta wachoke."

Alikoroga maji ya beseni kwa kidole.

"Ikaja njaa. Vihenge vyote vilichomwa, watu wanakula ming'oko na mizizi mingine ya porini. Likindo akateremka kuja kwangu. Mtu mwenye njaa aende wapi kama si kwa mtani wake? Akatokea pale pembeni, mifupa mitupu. Akaona uwanja umefagiwa, umenyooka, hajapata kuona kitu kama kile. Askari akamuuliza, weye nani? Akasema kwa sauti ili nimsikie miye niliyekuwa juu ya ngazi: Likindo! Na uwanja huu mzuri namna hii, wangu!"

Nililiandika neno kwa neno.

"Walipomkamata alikuwa anacheka," Fundi alisema. "Ananitazama miye, anacheka. Alidhani ni utani, kwamba nimewapanga askari wamtishe. Nikashuka, nikamwambia mkalimani, huyu si mwenye ardhi, tulikuwa tunacheza. Akanipiga kofi. Ilikuwa imekwisha andikwa. Wakamnyonga kwenye boriti zangu, nilizozichagua kwa unyoofu. Wakanipa jembe nimzike katikati ya uwanja. Mtani ndiye anayetania kaburini, bwana karani. Nilifungua mdomo, hapakutoka kitu. Nikamfukia kimya kama anavyofukiwa mbwa. Halafu nikaambiwa nisawazishe, nisiache tuta, uwanja uonekane mmoja. Nikasawazisha. Nilitumia kamba."

Nilimkasirikia. Nasema wazi kwa kuwa ndivyo nilivyohisi: nilikasirika kama vile nimeibiwa, maana nilikuwa nimekula kwa mtu huyu, nimecheka naye, na muda wote huo alikuwa analipeleka gunia lake Bungu na kurudi bila kusema. Nilimwambia hivyo, na sauti haikuwa ya mpangaji.

"Ndiyo maana nakwambia sasa," alijibu. "Usipeleke karatasi hiyo kwa wakubwa kwanza. Nipeleke Bungu. Akikataa kuniona tena, basi. Lakini asisome uongo kwenye jiwe."

Tulikwenda siku hiyohiyo. Binti Likindo alianza na matusi yake kama kawaida, kisha akaona mikono mitupu, akayaacha. Fundi alikaa chini mbele yake, mchangani, akasimulia yote tena, pamoja na habari ya jiwe, bila kupunguza lile kofi wala ile kamba. Mwanamke alikuwa na kisu cha korosho mkononi, na hakukiweka chini wala hakukitumia.

Alipomaliza, aliuliza jambo moja.

"Alikuwa na njaa?"

"Alikuwa na njaa."

"Alikula?"

"Hakula."

Hapo ndipo mwanamke alipolia, na alilia kwa sauti, hata dereva wa lori lililosimama jirani akazima injini. Mama yake alimwambia kwamba baba alikufa akipigana. Alikuwa amejivunia hilo tangu utoto. Nilidhani atamfukuza yule mzee, na kusema kweli nilikuwa namtakia afukuzwe. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mchele wote ule," akasema.

"Naam."

"Sitaki tena mchele wako. Mtani akikosa hutozwa, nami nakutoza. Baba yangu hajazikwa. Ulimfukia, hukumzika. Nenda palepale ulipomlaza, mchana, watu wakuone, ukamtanie. Umtukane umalize. Usipofanya, usinijie na ukifa siji." Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti la Fundi, akatoa timazi, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Na hii yangu."

Akanigeukia mimi. "Nanyi wa jiwe. Msiandike shujaa wala mwenye ardhi. Andikeni alikuja kwa mtani wake kutafuta chakula."

Nilipeleka maneno hayo barazani kama yalivyo. Mwenyekiti aliyasoma mara mbili na kusema kwa upole kwamba jiwe la serikali haliwezi kusema mtu alikuja kutafuta chakula. Mjumbe mmoja akaongeza kuwa utani si jambo la kuandikwa. Jiwe likaachwa. Ikapitishwa Uwanja wa Uhuru, kibao kikapakwa rangi. Niliandika muhtasari kwa mwandiko mzuri. Sikubishana. Nilikuwa karani, na wakati ule niliiona hiyo kuwa sababu ya kutosha.

Fundi hakwenda uwanjani wiki hiyo, wala mwezi huo. Aliendelea kufuata ukingo. Aliacha kujenga, kwa sababu hakuwa na timazi na alikataa kutengeneza nyingine. Mavuno yakaja, akafunga gunia kwa mazoea, kisha akalifungua. Mimi nikahamishiwa Utete, hatimaye kwenye mji wenye taa, na tuliagana kwa maneno machache. Aliniomba nimrudishie misumari miwili niliyotundikia nguo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimerudi kufuata jalada, na gari liliniteremsha karibu na boma saa ambazo watu wanatoka sokoni. Fundi alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Alikuwa amezeeka vibaya, fimbo mkono mmoja, sahani iliyofunikwa kwa kawa mkono wa pili. Kwenye baraza ya boma, chini ya tao, alikaa binti Likindo na kanga yake, mbali kidogo, kama wanavyokaa wafiwa. Nilimfahamu kwa lile fundo zito lililoning'inia kwenye pindo.

Mwanzoni sauti haikutoka. Alikohoa, akaanza tena.

"Likindo! Mla ming'oko weye! Umeteremka na tumbo lako kubwa kuja kunimalizia chakula changu! Uwanja wako, uwanja wako, umeulipia nini? Mvivu mkubwa, tangu ulale hapo hujafagia hata siku moja!"

Watu walisimama na vikapu vyao. Mwanamke mmoja wa makamo akacheka, akaziba mdomo, akacheka tena. Kwenye baraza binti Likindo alikuwa anacheka na mabega yake yanatikisika, na machozi yanamtoka bila kuyafuta. Fundi akaendelea, akamtukania meno yake, mwendo wake, mbuzi aliyemchukua mlangoni siku ya harusi. Alitukana kwa ufasaha ambao sikuwahi kuujua, wa ujana wake wote. Kisha akainamisha kichwa, akingoja jibu.

Nilimsogelea. Sidhani kama alishangaa kuniona.

"Hajibu, bwana karani," akasema. "Maisha yake hakuwahi kukosa jibu."

Akakaa chini taratibu, kwanza fimbo, kisha magoti. Akafunua kawa. Ulikuwa wali na samaki, bado unatoa mvuke. Alikula tonge moja. La pili aliliweka ardhini mbele yake, pale alipopasawazisha kwa kamba, akalisukuma kidogo kwa vidole vyake vilivyoliwa na chokaa.

"Hili lako," akamwambia.